Paka wa Jirani

Mume wangu Mongi alikuwa akila kifungua kinywa kwa muda mrefu kuliko watu wengine wanavyokula karamu. Alianza mtindo huo siku ya kwanza ya kustaafu posta, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga barua za mji wetu wa Kram, na hakuuacha tena. Mkate, zeituni, kopo la jodari, kahawa. Kwenye kiti cha pili, ambacho kwa haki kilikuwa changu, alikaa Zgugu.

Zgugu ni paka. Alikuja kwetu siku ya Maulidi, miaka kumi na mitatu kabla ya haya ninayosimulia. Nilikuwa jikoni nakoroga zgugu, ule uji mzito wa mbegu za msonobari ambao kila nyumba ya Tunisia huupika siku hiyo, Mongi akaingia na kitu kinachotapatapa ndani ya koti. Kilikuwa na rangi ileile ya uji wangu, kijivu kilichokaribia weusi.

"Mwalimu," akasema, "nimekuletea sufuria ya pili."

Aliniita mwalimu tangu tulipooana, kwa sababu nilifundisha hesabu shule ya msingi, na kwa sababu alipenda kunichokoza. Hatukujaliwa mtoto. Paka yule alipata malezi ya watoto wanne.

Ugonjwa wa kusahau ulimjia Mongi taratibu. Mwanzo alikwenda kununua mkate mara mbili kwa asubuhi moja. Halafu majina ya majirani yakaanza kumponyoka, halafu ya ndugu zake. Kuna siku aliniuliza kwa adabu kama treni ya Marsa imeshapita, nasi tulikuwa tumekaa sebuleni. Lakini Zgugu hakumsahau. Alichosahau ni kwamba ameshamlisha.

"Huyu hajala," anasema, anachovya kipande cha mkate kwenye mafuta ya jodari. "Mtazame anavyonikodolea macho."

"Umempa sasa hivi, Mongi."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Mara tatu."

"Mwalimu, hata mbele za Mungu utataka kuhesabu."

Tulicheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Mwezi wa kumi, nilimnyanyua Zgugu kutoka juu ya nguo nilizokuwa nazipiga pasi, na mkono wangu ukakutana na mifupa ya mgongo, mmoja mmoja, kama shanga za tasbihi. Nikamweka chini, nikamnyanyua tena. Manyoya yake mengi yalikuwa yamenificha jambo hilo. Ndani ya yale manyoya paka alikuwa ameisha.

Daktari wa wanyama wa mtaani kwetu ni binti anayeitwa Wafa, mikono yake midogo na maneno yake machache. Alimpima Zgugu uzito, akafungua kadi yake ya chanjo.

"Kilo nne na gramu mia saba," akasema. "Mwaka jana alikuwa na kilo sita."

"Ni uzee, mwanangu?"

"Uzee peke yake haumli paka kilo nzima na zaidi, mama. Kuna kitu. Anakula?"

"Anakula kama askari."

Alimtoa damu. Sukari ilikuwa juu, lakini akanieleza kwamba paka akiogopa sukari hupanda hata kama haumwi, kwa hiyo atapeleka damu kwenye kipimo kingine kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki mbili tatu zilizopita. Siku ya nne akanipigia simu.

"Iko mpakani, mama."

"Mpakani ndiyo nini? Ana kisukari au hana?"

"Bado hana. Amesimama mlangoni. Tukimbadilishia chakula anaweza kurudi nyuma bila kudungwa insulini. Asile tena zile biskuti kavu, asile mkate, chochote chenye wanga. Nyama, na vyakula vya kopo nitakavyokuandikia. Umpime sukari nyumbani, na uzito kila wiki. Lakini sukari ya kiasi hiki hainielezi kwa nini amekonda hivi. Tezi ya shingo ni nzima, figo ni nzima. Ningependa tumfanyie ultrasaundi ya tumbo. Nitakuombea nafasi mjini."

Nilimsikia vizuri. Siwezi kudai kwamba sikumsikia. Ila sikio langu lilishika neno mkate, na baada ya hapo yote yakapita kama upepo.

Miaka thelathini ya darasani ilinipa tabia moja mbaya: kukitokea kishindo, macho yangu humtafuta mtoto wa kulaumiwa kabla sijajua kilichovunjika. Nikamwambia daktari tusubiri kwanza na ultrasaundi. Ya nini kwenda kupekua tumbo la paka, ilhali mkosaji namjua na nalala naye kitanda kimoja?

Jirani yetu wa juu, Latifa, ana kisukari mwaka wa kumi sasa. Alishuka na mashine yake ya kupimia, akanifundisha kupasha sikio la paka kwa kitambaa cha moto, kulichoma pembeni kidogo tu, na kudaka lile tone kabla halijapotelea kwenye manyoya.

"Miaka kumi naumwa," akasema, amemkumbatia Zgugu ndani ya taulo, "hakuna aliyewahi kuniuliza sukari yako ngapi leo, Latifa. Paka wiki moja tu, ana wauguzi wawili."

"Wewe ungekaa kimya kama yeye tungekuuliza."

"Haya, choma, choma, kabla hajaning'ata mimi mwenye sukari yangu halali."

Niliandika kila kitu kwenye daftari la mistari, sukari upande huu, uzito upande ule. Nilimchemshia kuku bila chumvi. Nilizitoa biskuti zote ndani ya nyumba. Lakini kila asubuhi nikigeuka tu, mkono wa Mongi uko chini ya meza na mkate unaotiririka mafuta.

"Mongi, nimekwambia ana sukari!"

"Nani ana sukari?"

"Zgugu. Kwa ajili ya mkate wako."

Uso wake ulishuka. Aliuweka mkate mezani kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Baada ya dakika kumi alikuwa ameuchukua tena, nami nikamwambia tena, na uso ukashuka tena upya, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Siku moja nilipiga kelele mpaka Latifa akagonga sakafu huko juu. "Unamuua!" nilimwambia. "Unamuua kwa mkono wako mwenyewe!" Akautazama mkono wake. Akaupeleka chini ya paja akaukalia.

Ndipo nikamhamishia Zgugu chumba cha nyuma, palipo na vitabu vyangu vya shule. Nikamwekea sanduku la mchanga, maji na blanketi, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni.

Zgugu alilia siku ya kwanza nzima. Mongi akasimama mlangoni, kichwa ameinamisha.

"Naziha, kuna paka humu."

Nilikuwa nimechoka. Kumweleza ilikuwa ni kumshtaki tena, na kumshtaki ilikuwa ni kumtazama tena akiukalia ule mkono. Nikasema lililokuja mdomoni.

"Ni paka wa jirani."

"Sasa mbona yuko kwetu?"

"Wamesafiri. Watakuja kumchukua."

"Aa," akasema, akaenda kukaa.

Aliuliza tena saa hiyohiyo, nikamjibu vilevile. Aliuliza mara kumi kwa siku, nami mara kumi nikamjibu, kwa sauti nzuri, kwa sababu uongo ule haukuumiza mtu. Wiki ya tatu nilimsikia akimwambia Latifa ukumbini, "Usijali hiyo sauti, ni paka wa jirani. Wenyewe wamesafiri." Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi. Mtu ambaye hakuweza kushika jina la dada yake alikuwa ameshika jambo moja, na ni mimi niliyemfundisha.

Sukari ikateremka. Gramu moja nukta nane kwa lita, moja nukta tano, moja nukta mbili. Siku iliposoma moja kamili, Latifa alipiga kigelegele kama cha harusini, Zgugu akaruka kutoka mikononi mwake akajificha nyuma ya kamusi. Lakini upande wa pili wa daftari nao uliteremka. Kilo nne na nusu. Nne na mia mbili. Tatu na mia tisa.

"Huyu sukari yake ni nzuri kuliko yangu," Latifa akasema, "na bado anayeyuka. Mpigie daktari, dada."

"Kuna mtu anamlisha kwa siri," nikasema.

Na kweli alikuwapo. Nilipekua mfuko wa koti la Mongi nikakuta vipande vya mkate vilivyokauka. Nikapiga magoti pale mlangoni nikaona chembe kwenye uwazi wa chini. Asubuhi, nikiwa bado nimelala, alikuwa akimsukumizia mkate paka wa jirani. Hata akiamini si wake, hakuweza kumsikia mnyama akilia na njaa akapita.

Nikaviringisha taulo nikaziba ule uwazi.

Zgugu hakulia tena sana baada ya hapo. Alimnusa kuku wangu, akautazama mlango, akarudi kwenye blanketi. Nilidhani anadeka. Nilimwambia kwa sauti ya darasani kwamba atakula akiona njaa.

Januari akaanza kutapika. Siku ya tatu nilimfunga ndani ya shali nikaenda kwa Wafa bila hata kupiga simu. Alimpapasa tumbo muda mrefu, vidole vikarudi mara mbili mahali palepale. Hakuniuliza kwa nini sikuja mapema. Aliongea kwenye simu, na jioni hiyohiyo tukawa mjini mbele ya mashine, Zgugu amenyolewa tumbo, ngozi yake ya waridi inaonekana kwa mara ya kwanza, amelala kimya kama aliyekubali kila kitu.

Majibu ya sampuli waliyoitoa tumboni kwa sindano nilipewa baada ya wiki. Wafa alifunga mlango wa chumba chake kabla hajakaa.

"Ni saratani ya utumbo, mama. Imeshafika kwenye matezi ya tumboni."

"Tangu lini?"

"Ya aina hii hukua polepole. Miezi. Huenda hata kabla hujaja mara ya kwanza."

"Kama ningekubali ile ultrasaundi mwezi wa kumi?"

Alichezea kalamu. Angeweza kunidanganya, kwa kuwa watu hudanganywa kwa huruma kila siku, nami nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini alikuwa mkweli.

"Tungeanza dawa mapema. Wapo wanaopata miezi mingi nayo, wengine mwaka na zaidi. Kwake yeye siwezi kujua."

"Na mkate?"

"Mkate gani?"

"Mume wangu alikuwa akimpa mkate. Miaka yote."

Wafa akanitazama kana kwamba nimeongea lugha nyingine. "Mama, mkate haukumletea hili. Sukari tulishaituliza, na kumbe haikuwa yenyewe iliyomkondesha." Akaandika vidonge vya kumtuliza na kumfungulia hamu ya kula. "Sasa mambo ya wanga yamekwisha. Mpe chochote anachotaka. Kutoka kwa mtu yeyote anayemkubali."

Nilitembea mpaka nyumbani na Zgugu ndani ya shali. Sikumpeleka chumba cha nyuma. Mongi alikuwa kwenye kiti chake, jua la mchana limemfika magotini, nikamwekea paka mapajani. Zgugu alijikokota juu ya tumbo la Mongi, akaingiza kichwa ndani ya mkono wa sweta kama alivyofanya tangu utotoni, akaanza kukoroma ule mkoromo wa furaha. Sikuwa nimeusikia tangu Oktoba.

Mongi aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyemwagikiwa maji.

"Huyu ni wa jirani," akasema.

"Hapana, Mongi. Huyu ni Zgugu."

Akacheka kidogo, kwa upole, kama unavyomchekea mtu aliyekosea nyumba. "Zgugu ni mnene. Zgugu namjua mimi. Huyu wa jirani." Akamtazama vizuri zaidi, na uso wake ukajaa huruma. "Maskini. Hawamlishi."

Nilikimbilia jikoni, nikafungua kopo la jodari, nikachovya mkate, nikamtia mkononi. "Mpe. Mpe wewe, anataka kwako."

"Siwezi kulisha paka wa watu, mwalimu. Itakuwa kuwaingilia. Mrudishe kwao, mwenyewe atakuwa anamtafuta."

Na ule mkate akaula yeye.

Nilijaribu siku kumi na moja. Nilimwonyesha picha. Nilimsimulia Maulidi ile, koti, sufuria. Alisikiliza, akafurahia hadithi, akasema alikuwa paka mzuri yule. Halafu akimwona Zgugu miguuni pake ananiuliza, bila hasira, hawa watu watarudi lini. Nilikuwa nimefundisha watoto elfu moja jedwali la kuzidisha, na wengi walilisahau kabla ya likizo. Mwanafunzi wangu wa mwisho hakusahau.

Zgugu alikula kuku kidogo siku za mwanzo kwa nguvu ya vidonge, akalamba mafuta ya jodari kidoleni mwangu. Zaidi alilala kwenye kiatu cha Mongi. Mongi alikuwa muungwana, hakuvuta mguu.

Siku ya kumi na mbili hakuweza kusimama. Latifa aliita teksi, na kwa kuwa Mongi haachiki peke yake, tukaenda sote wanne. Pale kwa Wafa nilimlaza Zgugu juu ya meza, kwenye lile shali. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia nane. Wafa akanieleza atakachofanya, sindano ya kwanza ya usingizi, ya pili ndiyo yenyewe, akaniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo, na hapohapo nikashika ukingo wa meza.

Nikasikia mkono begani.

"Pole, mama," akasema Mongi. Haikuwa sauti ya mume kwa mke. Ilikuwa ile sauti yake ya posta, ya dirishani, aliyoitumia kwa watu waliokuja kupokea telegramu za misiba. "Ni paka wako?"

Latifa akageukia ukutani.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

"Mimi pia ninaye nyumbani. Najua uchungu wake." Akasogea mezani. "Unaniruhusu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka vidole viwili kati ya masikio ya Zgugu, akasugua kwenda nyuma, taratibu, pale hasa, kama alivyokuwa akisugua kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu. Mkono ulikuwa unajua. Zgugu akafumba macho. Wafa alingoja, akangoja tena, halafu akafanya kazi yake, na vidole vya Mongi vikaendelea kwenda na kurudi hata baada ya daktari kuondoa masikioni mwake kifaa cha kusikilizia moyo na kuniitikia kwa kichwa.

"Amelala," Mongi akaniambia. "Alikuwa amechoka."

Latifa ndiye aliyemzika, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya jengo letu. Mimi sikuweza kushika jembe.

Tulirudi kwenye maisha yetu, kama yanaweza kuitwa hivyo. Mongi hakuuliza chochote. Nilikuwa nikingoja aulize, nijibu hata mara mia, lakini nyumba ilikuwa kimya na kimya kile kwake kilikuwa sawa tu, maana majirani walikuwa wameshamchukua paka wao.

Ijumaa moja nilikuwa nasafisha chumba cha vitabu. Mlango ulipofunguka ile taulo ikaburutika, bado imeviringishwa kama nilivyoiviringisha. Nikaiokota. Nikaenda nayo mpaka sebuleni, nikaketi mbele ya mume wangu, chini, kwenye zulia.

"Mongi."

"Naam."

"Nataka kukwambia jambo. Hukukosea kitu. Nilikusingizia. Ulikuwa huna kosa lolote."

Alinitazama kwa makini. Siku ile macho yake yalikuwa safi, alinijua mimi ni nani, nami nikadhani pengine leo, pengine kwa dakika moja itaingia.

"Kosa gani, Naziha?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta pa kuanzia, na kila nilipopashika palikuwa ni kumpa habari ya kifo, na ya kifungo, na ya mkono alioukalia, vyote vipya, vyote vya leo, ili mimi nipate kusamehewa. Nikajua kwamba sitamwambia.

Alikiona kimya changu akakielewa kwa namna yake. Akainama, akanishika uso kwa viganja vyake viwili.

"Kama nimekukosea," akasema, "nisamehe, mwalimu. Unajua kichwa changu siku hizi."

"Nimekusamehe," nikasema. Kwa sababu alikuwa anangoja.

Akaridhika. Akanyoosha miguu juani, akafumba macho, na haikuchukua muda akalala. Mimi nilibaki pale kwenye zulia mpaka adhana ya alasiri, taulo mapajani.